Mtani Wangu Alikuja Kunililia Nikiwa Hai

Kwanza kabisa, mkojo wako utakuwa na rangi ya soda ya machungwa. Usishtuke wala usimwite mtu, ni dawa tu inapita. Mimi sikuambiwa, au niliambiwa wakati masikio yangu hayasikii kitu, na asubuhi ya pili ya dozi nilitoka chooni mbio nikimwambia baba kwamba figo zangu zimekufa. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anasokota kamba za kutundikia mizinga ya nyuki. Akanitazama, akasema, "Sasa unakimbilia wapi? Sista wa kliniki si alishasema? Kaa chini." Nikakaa.

Naandika haya kwa ajili yako uliyekaa kwenye lile benchi la nje, nyuma ya hospitali, wanakowekwa wagonjwa wa kifua ili upepo uwapitie. Najua unavyokaa. Umevuta mtandio hadi puani, unaangalia simu ambayo haina hata bando, na unaomba Mungu asipite mtu wa mtaani kwako. Nimelikalia benchi hilo miezi sita. Naitwa Kalunde, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, niliugua kifua kikuu na nimepona. Aliyetaka kunicheka amechelewa.

Jambo la pili unalopaswa kujua ni kwamba nakimbia. Si zile mbio za asubuhi moja, mtu anavishwa medali saa nne na saa sita yuko kwake anakula wali. Mimi nakimbia mbio za milimani za siku nyingi. Ninazozipenda kuliko zote ni za siku nne kule Uluguru, Morogoro. Kila asubuhi mnaanzia kijiji kimoja, mnapanda na kushuka migongo ya milima hadi jioni, mnalala kwenye madarasa ya shule, kesho yake tena. Chakula, blanketi na koti la mvua unabeba mwenyewe mgongoni.

Watu huniuliza mtu wa Tabora anajifunzia wapi kupanda mlima, maana huku kwetu ni tambarare mpaka macho yanachoka. Ni kweli. Siku za kawaida nilikuwa nakimbia hadi Kipalapala na kurudi, na mwisho wa mwezi napanda basi la kupitia Igunga, nashukia chini ya mlima Sekenke, naupanda na kuushuka mara sita pembeni ya malori yanayonguruma. Madereva walishanizoea. Wengine walinipigia honi na kuniuliza kama nimefukuzwa na mume.

Mume sina. Naishi Isevya, kwa baba yangu, pamoja na kaka yangu Hamisi, mkewe Rehema na watoto wao wawili. Mama alifariki tukiwa wadogo. Baba ni mrina asali, mizinga yake iko msituni njia ya Sikonge, na mpaka leo anapanda miti ambayo vijana wanaitazama tu.

Sasa nikueleze kosa langu, na ni kosa ambalo mtu asiyekimbia asingelifanya. Nilianza kukonda, nikafurahi. Mlimani kila kilo unayoiacha nyumbani ni kilo usiyoipandisha. Nilikuwa na kilo hamsini na sita. Mwezi wa sita nikawa na hamsini na tatu, nikajipongeza. Mwezi wa saba hamsini na moja, na wenzangu wa kundi letu la mbio wakanijazia vigelegele kwenye simu: safari hii Kalunde yuko fiti, hatukamatiki! Usiku nililoa jasho hadi kwenye godoro, nikasema ndivyo mwili unavyoyeyusha mafuta. Kikohozi nacho kilikuwa na maelezo yake tayari, kwa sababu ulikuwa msimu wa kurina na kila Jumamosi nilikuwa msituni namsaidia baba, moshi unaniingia mpaka kwenye mbavu. Katika nyumba ya warina asali, mtu akikohoa msimu ule hakuna anayegeuza shingo. Baba alinikorogea asali, ndimu na tangawizi, nikanywa miezi mitatu. Ilikuwa tamu kwelikweli, na haikuponya kitu.

Mtu mmoja tu alishtuka. Ni Mama Zuhura, anayeuza vitumbua na chai kwenye kona ya mtaa wetu. Mama Zuhura ni Mzaramo. Aliletwa Tabora na marehemu mumewe, mfanyakazi wa reli, na mume alipofariki akasema Pwani ni mbali, akabaki kututesa. Kama hujui, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wakibeba pembe na mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi baharini, wakipita katika nchi yao. Mtani anakwambia lolote. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako. Na wewe hukasiriki, maana ukikasirika watu watakushangaa wewe, si yeye. Kwa umri ni mama yangu, namwamkia shikamoo kila asubuhi, na akishaitikia marahaba ndipo anaanza.

"We mpagazi," aliniambia asubuhi moja, "mbona unakohoa kama trekta bovu?"

"Moshi wa mizinga huu, Mama Zuhura."

"Moshi gani unaokula mashavu ya mtu? Nenda hospitali. Ukinifia sasa hivi utanitia hasara, bado sijakuoza kwa mjomba wangu."

Nilicheka, nikachukua vitumbua vyangu, nikaenda zangu.

Mwezi wa nane nilikwenda Uluguru nikiwa na kilo arobaini na tisa na kiburi cha kujaza lori. Siku ya kwanza nilimaliza. Siku ya pili nilimaliza huku natapika. Siku ya tatu njia inapanda hadi Lukwangule, juu kabisa, kwenye nyasi ndefu na ukungu na baridi isiyo na adabu, na hapo pumzi ikakataa. Nilikaa chini, nikakohoa, nikaona damu kidogo kwenye kiganja. Nikaifuta kwenye suruali. Hebu nisikilize vizuri: niliifuta kwenye suruali, na mwenzangu aliposimama kuniuliza nikamwambia ni baridi tu, sisi watu wa tambarare hatujazoea. Wanakijiji wawili waliniteremsha taratibu wamenishika mikono, na njia nzima nililia kwa hasira. Woga ulikuwa haujafika bado.

Mvua za kwanza zilipoanza, nilikuwa siwezi kusoma imla darasani bila kukatika katikati ya sentensi. Na bado sikwenda hospitali. Aliyenipeleka ni Mama Zuhura, tena kwa njia yake. Asubuhi moja nilipofika kwenye kona akafunika karai lake mbele ya wateja wote.

"Wewe sikuuzii," akasema. "Wala chai sikupi. Mpaka uniletee karatasi ya daktari."

"Mama Zuhura, nina njaa."

"Kale huko kwenu Unyamwezini."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaondoka na njaa yangu, na miguu ikanipeleka hospitali moja kwa moja, kwa sababu nguvu ya kubishana ilikuwa imenikwisha.

Sista wa kliniki ya kifua alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya amri. Alinipa kikopo, akanielekeza nisimame nje, mbali na watu, nikohoe. Nilimrudishia. Akakiinua juu kwenye mwanga.

"Haya ni mate. Nataka makohozi kutoka chini."

"Sista, mimi nakimbia milima, kifua changu kina nguvu."

"Vizuri. Basi nipandishie makohozi."

Nilikohoa mpaka nikaona nyota. Kesho yake akaniita ndani, akafunga mlango nusu, akasema jina la ugonjwa bila kuzunguka. Swali langu la kwanza naona aibu kuliandika, lakini nitaliandika. Sikuuliza kama nitakufa, wala nimemwambukiza nani. Niliuliza, "Nitakimbia tena?"

"Kwanza uishi," akasema, akaanza kuandika majina ya watu wa nyumbani kwangu.

Hapo ndipo woga ulipofika, na ulifika wote kwa pamoja. Nilikuwa na watoto sitini darasani. Nilikuwa na watoto wa Hamisi wanaolala mapajani mwangu kila jioni wakisubiri chakula. Wote wakaitwa, wakapimwa. Siku zile za kusubiri majibu yao zilikuwa mbaya kuliko mlima wowote niliowahi kuupanda, sikula, sikusali vizuri, nilihesabu tu vichwa vyao akilini. Hakuna aliyeonekana kuwa nao. Watoto wa Hamisi wakapewa dawa ya kinga. Niliposikia nilisujudu palepale kwenye varanda ya kliniki, na sista akasogeza kiti kunikinga ili watu wasinikanyage. Huyo mama ana moyo, anauficha tu.

Kliniki wanataka mtu mmoja wa nyumbani akuone ukimeza dawa kila siku. Baba alisema ni yeye, na hakuna aliyebishana naye. Basi miezi sita ile kila asubuhi ilikuwa hivi: vidonge vitatu vikubwa kabla ya chai, baba amesimama mbele yangu, kalamu nyuma ya sikio, kadi ya kliniki mkononi.

"Meza nione." Nameza. "Fungua mdomo." Nafungua, mtu mzima na ualimu wangu. "Haya." Anaweka tiki.

Mwezi wa kwanza wa dozi, dawa zilinipiga kuliko ugonjwa. Nilitapika uji, nilitapika maji. Mwili uliwasha usiku na mchana. Magoti yaliyopanda Sekenke mara sita yalishindwa kuinama msalani, ikabidi nishike ndoo. Kutoka kitandani hadi kwenye kizingiti cha mlango ilikuwa safari yenye mapumziko mawili. Nilikuwa najiona kwenye kioo cha Rehema, mabega yametokeza, shingo imekuwa ndefu kama si yangu, nakasirika, nageuza kioo ukutani. Rehema akirudi anakigeuza.

Lakini mwezi wa pili makohozi yalipimwa tena, yakaonekana safi, na njaa ikarudi kama mtu aliyekuwa safarini. Mvua ilikuwa imekolea, uyoga wa msituni umejaa sokoni, na baba alikuwa ananiletea kila siku, unapikwa na karanga, nakula sahani mbili na ugali mkubwa halafu nauliza kuna nini kingine. Nisikufiche, siku hizo nilikuwa na furaha. Hata kwenye benchi la nyuma ya hospitali tulianza kusalimiana. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Ziba aliyekuwa anatuletea viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa, anasema tukisubiri sista kwa tumbo tupu tutafia kwenye foleni badala ya kufa kwa kifua.

Kisha mwezi wa tatu nikafanya ujinga ambao nakuomba usiufanye. Nilinenepa kidogo, kikohozi kikakata, na asubuhi moja nikavisukuma vidonge mbali. Nilisema nimechoka, nimepona, tumbo langu si duka la dawa. Baba hakunifokea. Aliketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa dawa.

"Mama yako aliacha mwezi wa tatu," akasema. "Alipoanza kunenepa."

Sikuwa najua. Tulikua tukiambiwa mama alikufa kwa homa. Nyumba nzima ilikuwa imelificha jina la ugonjwa miaka yote ile, mpaka mimi naukohoa sikuutambua.

"Na mimi nilimwambia sawa, apumzike," baba akaendelea. "Nilifurahi kumwona amenona."

Nikavivuta vidonge, nikavimeza. Akasema nifungue mdomo, nikafungua. Sikukosa tena hata siku moja, na tangu siku hiyo nikajua kwamba mzee hasimamii dawa zangu tu.

Sasa niseme juu ya Hamisi, na nitasema taratibu kwa sababu ni kaka yangu na nampenda. Sista alishatueleza kwamba nikishakaa kwenye dawa wiki kadhaa na makohozi yakiwa safi siambukizi mtu. Hamisi alisikia, akaitikia, na akaninunulia sahani yangu peke yangu, kikombe changu peke yangu na kijiko. Kiti nilichokalia Rehema alikifuta kwa maji ya moto. Watoto walifundishwa kuniamkia wakiwa mlangoni. "Shikamoo shangazi," kwa sauti ya mbali, na kabla sijamaliza marahaba wameshakimbia. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Tumbo na magoti nilivistahimili, lakini ile shikamoo ya mlangoni iliniliza kila mara.

Mwezi wa tano wa dozi, mvua zikiwa zinakwisha, sista aliniruhusu kutembea mbali. Nikaanza kutembea hadi karibu na Kipalapala, na siku moja, nikiwa nimejisahau, nikakimbia na ndala zangu hatua kama mia. Nilikohoa kidogo, nikacheka peke yangu barabarani. Bahati mbaya Hamisi alikuwa anapita na pikipiki. Niliporudi nyumbani viatu vyangu vya mbio na begi la mgongoni havikuwepo. Vilikuwa kwenye gunia, vimefungwa, vimewekwa stoo.

Jumapili mchana wakaniita kikao. Sebuleni walikuwa baba, Hamisi na Rehema.

"Kalunde, milima basi," Hamisi akasema. "Mimi na baba tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana vipi na mimi sikuwepo?"

"Ni kwa faida yako. Utakaa nyumbani. Kazini tutaomba wakupe kazi nyepesi. Chumba cha uani tumekisafisha, kina hewa. Utakula, utapumzika, sisi tutakutunza mpaka mwisho."

"Mwisho wa nini?"

Nikamtazama baba. Alikuwa anaangalia mkeka. Nilitaka kupiga kelele, lakini unampigiaje kelele mtu anayesema atakutunza? Wema wao ulikuwa umeniziba mdomo.

Ndipo kilio kikasikika nje.

"Yalaaa! Mnyamwezi wangu kafa! Yalaa, nani atanibebea mizigo mie?"

Mama Zuhura akaingia bila hodi, kanga amejifunga kiunoni, majivu ya jikoni usoni, na nyuma yake nusu ya mtaa. Rehema alikuwa amemsimulia habari za gunia wakati akinunua vitumbua, akisahau kwamba anamwambia mtani.

Hamisi akasimama. "Mama Zuhura, hapa hapana msiba."

"Hapana msiba? Mbona nimesikia viatu vya marehemu mmeshavitoa ndani? Viatu vya mtu hutolewa lini, mwanangu? Na chumba mmeshakisafisha!" Akajitupa kwenye mkeka chali, akajifunika kanga hadi kidevuni, akaanza kuongea kwa sauti yangu, na nakiri kwamba aliipatia. "Mimi ndiye Kalunde. Nilikuwa napanda milima. Sasa napanda kitanda. Kaka yangu ananipenda sana, ananipa na kijiko changu."

Watu mlangoni walicheka mpaka wakashikana. Mimi mwenyewe nilicheka, machozi yananitoka. Rehema alijifunika uso kwa mtandio.

Mama Zuhura akainuka, akaenda stoo kama kwake, akarudi na gunia, akalikalia katikati ya mlango. "Haki yangu hii," akasema.

Kwetu, msibani, mtani ana haki ya kunyakua kitu cha marehemu, na wafiwa hawana budi kukikomboa kwake. Asipokombolewa haondoki, na hakuna wa kumgusa. Hamisi alijua hivyo, akatia mkono mfukoni.

"Rudisha mkono wako, sitaki hela ya Mnyamwezi," Mama Zuhura akasema. Akamgeukia baba. "Namtaka mzee. Aseme kwa mdomo wake kwamba mwanawe kafa, viatu nibebe, nivivae mimi. Ama aseme yu hai, nivirudishe."

"Mzaramo, usinitese," baba akasema polepole.

"Nimekuja kukutesa. Sema."

Mlangoni kicheko kilikuwa kimekwisha. Baba aliangalia mikono yake. Nimemwona baba yangu akiumwa na nyuki uso mzima juu ya mti na asitoe sauti. Pale sebuleni midomo ilimcheza.

"Yu hai," akasema.

"Nani? Sijasikia."

"Kalunde. Mwanangu yu hai!" Na akalia mbele ya watu wote, bila kujificha, kilio ambacho nadhani kilikuwa na mama ndani yake.

Mama Zuhura akasimama, akaliweka gunia mikononi mwa baba, na baba akanipa mimi. "Haya," mtani wangu akasema akijifuta majivu, "msiba umevunjika, lakini aliyelia lazima ale. Kuku wangu yuko wapi?" Rehema alichinja kuku.

Hamisi alininyamazia siku mbili. Kukasirika hakuruhusiwi, basi akawa ananyamaza tu. Siku ya tatu nilimkuta mwanawe mdogo anakunywa maji kwa kikombe changu, na baba yake amekaa pale pale anamwangalia, hamkatazi. Alinyanyua macho akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Tukala sinia moja.

Nilimeza dozi ya mwisho mwanzoni mwa kiangazi. Daktari aliniwekea picha ya kifua ukutani, akanionyesha kovu juu ya pafu la kushoto, akasema halitafutika na pumzi haitakuwa ile ya zamani.

"Naweza kukimbia?"

"Kimbia. Ukichoka simama. Ukikohoa wiki mbili, rudi hapa siku hiyohiyo."

"Hata milimani?"

"Nimesema kimbia. Sikusema wapi."

Kwa hiyo wewe wa kwenye benchi, sikia neno langu. Ukiona unakohoa wiki mbili, usitafute sababu nzuri, utaipata tu, mimi niliipata. Nenda. Meza zote mpaka ya mwisho, hasa utakapojiona umenona. Na watu wakianza kukutengea kijiko, usikubali kulala kabla hujafa. Kama huna mtani, nitafute, nitakuazima wangu.

Kiangazi kile sikwenda Uluguru. Nilianza kwa kukimbia kutoka nyumbani hadi kwenye karai la Mama Zuhura, na hapo napumzika. Nikangoja mvua zipite zote. Uyoga ulipokwisha sokoni nikaweza kwenda Kipalapala na kurudi. Kisha nikapanda basi kwenda Sekenke. Dereva mmoja wa lori alinitambua, akapunguza mwendo zaidi ya ule wa mlima.

"Dada, ulipotelea wapi?"

"Niliumwa."

"Umepona?"

"Unaniona nafanya nini?"

Nilipojaza fomu ya Uluguru niliandika kwamba niliwahi kuugua kifua, nikaambatisha karatasi ya daktari, na kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu nikaandika jina la baba. Tangu siku ya gunia alikuwa hajasema neno lolote juu ya milima, la kukubali wala la kukataa. Aliuliza tu, "Watanipigia ukifa?" Nikasema, "Au nikichelewa." Siku ya kuondoka nilimwamkia, akaitikia, akasema "Haya," akarudi kwenye kamba zake. Niliipanda treni na ile "haya" moyoni. Ningekwenda hata kama angekataa, lakini nilitaka sana asikatae.

Sitakudanganya kwamba nilikimbia vizuri. Siku zote nne nilikuwa wa nyuma kabisa. Pale ambapo zamani niliruka mawe sasa nilitembea, na kwenye miinuko mikali nilihesabu hatua ishirini, nasimama, navuta hewa, ishirini nyingine. Lukwangule niliipita na ukungu wake, nikiwa natukana kwa Kinyamwezi. Siku ya nne, pale njia inapokatiza barabara ya magari kabla ya mlima wa mwisho, nilimkuta msimamizi wa mbio, bwana wa makamo mwenye kofia na makaratasi, na nyuma yake gari la kuwachukua walioshindwa.

"Dada, muda wa kupita hapa umekwisha, umechelewa dakika ishirini. Panda gari."

"Nifute kwenye karatasi. Miguu niachie."

"Utaratibu ndio huo. Vijana wetu wanaomfuata mtu wa mwisho kufunga njia wako nyuma, lakini..."

"Basi nitakwenda nao." Nikakaa kwenye jiwe, nikatoa muhogo wa kuchemsha, nikaanza kula.

Hakuwa mtu mbaya. Alipekua makaratasi, akaiona fomu yangu, uso ukambadilika. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje ili nisikie.

"Shikamoo mzee. Mimi ni msimamizi wa mbio huku Morogoro, niko na binti yako."

"Marahaba. Amekuwaje?"

"Hajambo, ila amechelewa na anakataa kupanda gari. Hapa imeandikwa aliwahi kuugua kifua. Tunakuomba kama mzazi umwambie apande."

Niliacha kutafuna. Nilijua atakachosema, nikaanza kabisa kupanga majibu yangu.

"Anakohoa?" baba akauliza.

"Hapana, mzee."

"Anatema damu?"

"Hapana. Anakula muhogo."

"Jua liko wapi huko?"

"Bado liko juu."

"Milima imebaki mingapi?"

"Mmoja tu, mzee. Lakini ni mkali."

"Sasa gari la nini?" baba akasema. "Mpe maji, apande mlima wake."

Yule bwana aliitazama simu, akanitazama mimi, kisha akainama akachukua chupa yangu na kwenda kuijaza.